Selman Waksman, Mwoteshaji wa Vijidudu wa Udongo

Katika sura iliyotangulia tulizichambua kauli ya kutendesha na kauli ya kutendwa kwa sentensi fupi fupi, zile za mama kupika na chakula kupikwa. Sentensi za namna hiyo zina faida yake. Hata hivyo, mwalimu mtarajiwa asipokutana na kauli hizi ndani ya habari ndefu yenye uzito, atazifundisha kama hesabu za kujumlisha. Kwa sababu hiyo tumeonelea vyema tusimulie hapa maisha ya mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa ya kutendesha, na ambaye ugomvi mkubwa wa maisha yake, tukiutazama kwa jicho la sarufi, ulihusu nani atajwe baada ya neno na katika sentensi ya kutendwa. Mtu huyo ni Selman Abraham Waksman, mtaalamu wa udongo.

Jambo moja la upatanisho wa kisarufi tulitaje mapema ili lisimkwaze msomaji. Bakteria na vijidudu ni viumbe hai. Kwa hiyo katika habari hii tumewapatanisha katika ngeli ya A-WA. Wapo waandishi wazuri wanaowaweka katika ngeli nyingine, nasi hatuwalaumu, mradi mwandishi akichagua njia moja aifuate hadi mwisho.

Waksman alizaliwa tarehe 22 Julai 1888 katika kijiji cha Nova Pryluka nchini Ukraine, nchi ambayo siku hizo ilikuwa sehemu ya Milki ya Urusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Udongo wa sehemu hizo ni mweusi na wenye rutuba nyingi, na kijana huyo alikua akiona jinsi maisha ya watu yanavyoutegemea. Aliona pia jinsi maradhi yanavyoingia nyumbani bila hodi: mdogo wake wa kike alifariki dunia kwa ugonjwa wa dondakoo angali mtoto. Kusoma nako kulikuwa na vikwazo, kwani vyuo vikuu vya milki hiyo viliwapokea Wayahudi wachache tu kwa mgawo maalumu. Mwaka 1910 alipata cheti chake cha sekondari katika mji wa Odessa, na mwaka huohuo akavuka bahari kwenda Marekani.

Huko alifikia kwa jamaa yake aliyekuwa na shamba dogo karibu na Metuchen, jimboni New Jersey. Alifanya kazi za shamba, na kazi hizo zikamwonyesha njia. Alikuwa amefikiria kusomea udaktari, lakini jirani na shamba hilo kilikuwapo Chuo cha Rutgers, na chuoni humo alikuwapo Jacob Lipman, mtaalamu wa bakteria wa udongo, ambaye naye alikuwa mhamiaji kutoka Urusi. Lipman alimshauri asomee kilimo. Waksman akaanza masomo mwaka 1911.

Mwaka wake wa mwisho wa shahada ya kwanza alipewa kazi ambayo wanafunzi wenzake huenda waliiona ya kuchosha. Alichimba mahandaki katika shamba la chuo, akachukua udongo wa kina mbalimbali, akaupeleka maabarani, akauchanganya na maji safi, na matone ya maji hayo akayapaka juu ya lishe iliyogandishwa kwa agari ndani ya visahani vya kioo. Kisha alihesabu kilichoota. Alitarajia kuona madoa ya bakteria na madoa ya kuvu. Aliyaona, lakini aliona pia kundi la tatu: madoa madogo magumu, yaliyoshika lishe kwa nguvu na kufunikwa na unga mfano wa chokaa. Hao walikuwa aktinomaiseti, bakteria wanaoota kwa nyuzi nyembamba zenye matawi kama kuvu. Wataalamu walikuwa wakiwafahamu, ila wachache waliowajali. Msomaji wetu anawafahamu pia, japo hajui: ile harufu ya ardhi inayopanda mvua za kwanza zinapoinyeshea nchi kavu hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali inayotolewa na bakteria wa kundi hili.

Tangu siku hizo hakuwaacha. Mwaka 1915 alipata shahada ya kwanza na mwaka 1916 shahada ya pili. Mwaka huo wa 1916 alipata pia uraia wa Marekani, akamwoa Deborah Mitnik aliyetoka sehemu zilezile za kwao, na pamoja na mwenzake mmoja akaeleza kwa maandishi aina kadhaa za aktinomaiseti. Mmojawapo alikuwa yule ambaye leo anaitwa Streptomyces griseus. Tunaomba jina hilo likumbukwe. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California mwaka 1918, akarudi Rutgers, akafundisha hapo maisha yake yote ya kazi. Mwaka 1927 alichapisha kitabu kikubwa juu ya vijidudu wa udongo. Kwa miaka zaidi ya ishirini alishughulika na mboji, samadi na kuoza kwa majani, na hakuna aliyemdhania kuwa mtu wa dawa.

Geuko lilikuja mwaka 1939. Mwanafunzi wake wa zamani, René Dubos, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi New York, alitangaza kwamba amepata kwa bakteria wa udongo kitu kinachoua bakteria wengine waletao maradhi. Kitu hicho kilikuwa na sumu mno kwa mwili wa binadamu kisiweze kumezwa wala kudungwa, lakini kilimwamsha mwalimu wake. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza Ulaya, na haukupita muda mrefu habari za penisilini zikaanza kusikika. Waksman alijua tangu zamani kwamba udongoni vijidudu hupigana. Alijua pia kwamba bakteria wa kifua kikuu hawadumu sana wakitiwa udongoni, maana mwanafunzi wake mmoja alikuwa amelichunguza jambo hilo miaka michache nyuma. Maarifa hayo yote yalikuwa mkononi mwake bila yeye kuyaunganisha. Sasa aliigeuza maabara nzima kuelekea swali moja: ni nani miongoni mwa viumbe hawa hutoa silaha, na atoe silaha hiyo katika hali gani?

Hapa ndipo kauli ya kutendesha inapoanza kufanya kazi. Mbegu huota yenyewe, mkulima huotesha. Kitenzi ota kina irabu o katika mzizi, kwa hiyo kiambishi chake cha kutendesha ni -esh-. Kitenzi zaa kikinyambuliwa katika kauli hiyo hutoa zalisha, na ile l inayojitokeza ni l ya kale iliyodondoka katika umbo la kawaida lakini ikabaki imejificha. Katika maabara ya Waksman, kuotesha kulikuwa jambo moja na kuzalishisha dawa lilikuwa jambo jingine kabisa. Bakteria anaweza kuota vizuri, akajaza chupa, akapendeza macho, na dawa isipatikane hata chembe. Anaweza pia kutoa dawa katika lishe ya aina moja na kunyamaza katika lishe ya aina nyingine, kana kwamba hakuwahi kuwa na silaha.

Kwa hiyo kila kijidudu aliyeonyesha dalili njema alijaribiwa kwa lishe tofauti, joto tofauti, hewa nyingi au haba, siku chache au nyingi. Dalili njema yenyewe ilitafutwa kwa njia rahisi: aktinomaiseti alioteshwa kwa mstari mmoja juu ya agari, kisha bakteria wa maradhi wakapakwa kwa mistari iliyoukabili mstari huo. Mahali waliposhindwa kuota palibaki peupe. Wanafunzi walifanya hivyo kwa maelfu ya vijidudu, na sehemu kubwa sana ya kazi hiyo haikuleta kitu.

Mwaka 1940 walipata aktinomaisini. Iliua bakteria, na iliua wanyama wa maabara pia. Mwaka 1942 walipata streptothrisini, ambayo mwanzoni ilileta matumaini makubwa, lakini wanyama waliopewa walidhurika baada ya siku kadhaa. Katika miaka hiyohiyo Waksman alilipa neno antibayotiki maana tunayoijua leo, yaani kemikali itolewayo na kijidudu ambayo huzuia au kuua vijidudu wengine. Katika Kiswahili tumelitohoa hivyo, na tumeunda pia neno kiuavijasumu, ambalo mwanafunzi akilichambua atakuta kitenzi ua katikati yake.

Mwezi Juni 1943 alirudi maabarani kijana mmoja aliyekuwa ameruhusiwa kuondoka jeshini kwa ugonjwa wa mgongo. Aliitwa Albert Schatz, mwanafunzi wa uzamivu mwenye umri wa miaka 23, mtoto wa familia maskini, akilipwa dola 40 kwa mwezi. Schatz alitaka kutafuta dawa itakayowashinda bakteria ambao penisilini iliwashindwa, na hasa yule wa kifua kikuu. Kwa kuwa kufanya kazi na kijidudu wa kifua kikuu kulikuwa na hatari, alipewa chumba cha chini ya jengo, mbali na wengine. Alifanya kazi mchana na usiku, na mara nyingi alilala humohumo. Tarehe 19 Oktoba 1943 aliona kwamba alikuwa na vijidudu wawili wa rangi ya kijivu-kijani, mmoja kutoka udongo wa shamba lililotiwa samadi nyingi, mwingine kutoka koo la kuku, aliyepewa na mwanafunzi mwenzake. Wote wawili walikuwa wa spishi moja: Streptomyces griseus, yuleyule aliyeandikwa mwaka 1916. Kwa miaka 27 kiumbe huyo alikuwa akijulikana kwa jina na kwa sura, wala hakuna aliyemuuliza anaweza kutoa nini.

Dawa hiyo iliitwa streptomaisini. Mwezi Januari 1944 makala ya kwanza ilichapishwa ikiwa na majina matatu kwa mpangilio huu: Schatz, Bugie, Waksman. Elizabeth Bugie alikuwa mwanafunzi aliyesaidia kuhakikisha majaribio.

Kuigundua hakukutosha. Ilibidi ipatikane ya kutosha kutibu hata simbilisi mmoja, na hapo maarifa ya miaka mingi ya Waksman yalionyesha thamani yake. Lishe yao ilikuwa ya vitu vya kawaida: glukosi gramu 10 katika lita moja ya maji, peptoni gramu 5, chumvi gramu 5, na kiasi kidogo cha dondoo ya nyama. Waligundua kwamba dondoo ya nyama ikiondolewa, dawa hupungua mno, ingawa kijidudu huendelea kuota. Na kwamba maji yaliyolowekwa mahindi viwandani yanaweza kushika nafasi yake. Baadaye viwanda vilitumia unga wa soya, ambao ni wa bei nafuu na ambao kijidudu huumeng'enya polepole. Joto lilikuwa kama nyuzi 28, na lishe haikutakiwa kuwa na ukali wa asidi. Zaidi ya yote, kijidudu huyu anataka hewa. Katika chupa zilizotulia aliota juujuu kama utando, na dawa ilichukua siku kama 10 kufikia kilele. Chupa zilipowekwa juu ya mashine ya kutikisa, hewa ikaingia katika lishe yote, siku hizo zikapungua sana. Kiasi cha dawa kilipimwa kwa bakteria mwenyewe: walitazama ni tone gani dogo kabisa la lishe hiyo linaloweza kumzuia Escherichia coli asiote.

Maelezo ya kwa nini hali hizi zina nguvu kiasi hicho yalikamilishwa na wataalamu wa miaka iliyofuata. Kijidudu wa jamii hii hatoi dawa anapokua kwa kasi. Huitoa ukuaji unapopungua, chakula chepesi kinapokaribia kwisha. Akilishwa glukosi au fosfati kupita kiasi hunawiri, akashiba, na akasahau vita. Tena si wa kuaminika: katika kuhamishwa mara kwa mara kutoka kisahani hadi kisahani huzaa watoto wasiotoa dawa kabisa, na mtafiti asiye mwangalifu hujikuta anaotesha mamluki. Ilibidi wawe wanarudi kila mara kuchagua upya waliobaki na nguvu. Kampuni ya Merck, yenye makao yake New Jersey, ndiyo iliyochukua maarifa haya na kuyapeleka katika matangi ya maelfu ya lita yanayopulizwa hewa safi kutoka chini.

Simbilisi wa kwanza walioambukizwa kifua kikuu walitibiwa na William Feldman na Corwin Hinshaw katika Kliniki ya Mayo, jimboni Minnesota, mwaka 1944. Walipona kwa namna iliyowashangaza madaktari hao. Kabla ya mwaka kwisha dawa ilianza kupewa binadamu. Nchini Uingereza, ambako dawa ilikuwa haba mno, Baraza la Utafiti wa Tiba liliwagawa wagonjwa 107 kwa bahati nasibu: 55 walipewa streptomaisini pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 walipumzika tu. Katika miezi sita walikufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Jaribio hilo lililochapishwa mwaka 1948 lilionyesha pia ubaya wa dawa. Wagonjwa wengi walipata kizunguzungu, kwani streptomaisini hudhuru sikio la ndani, na bakteria wengi walijifunza kuistahimili. Tangu hapo ikafahamika kwamba haifai kutumiwa peke yake. Ilipochanganywa na dawa nyingine ilidumu miongo mingi. Majaribio ya tiba fupi ya miezi sita, yaliyofanyika katika hospitali za Afrika Mashariki na kutangazwa mwaka 1972, yaliitumia pamoja na dawa zilizogunduliwa baada yake. Msomaji mwenye wazee waliougua kifua miaka hiyo huenda amewasikia wakizisimulia zile sindano za kila siku.

Sasa tuufikie ugomvi. Mwaka 1946 Schatz aliondoka Rutgers. Kabla ya kuondoka alitia saini kukabidhi haki zake za hataza kwa taasisi ya chuo, kwa malipo ya jina ya dola moja, akiamini kwamba na mwalimu wake amefanya hivyohivyo, ili dawa iwafikie watu bila mtu binafsi kunufaika. Hataza yenyewe ilitolewa mwaka 1948 kwa majina ya wote wawili, Bugie hakutajwa. Baadaye Schatz alifahamu kwamba Waksman alikuwa akipokea sehemu ya mrabaha, na mrabaha huo ulikuwa fedha nyingi. Wakati huohuo magazeti yalimtaja profesa peke yake kuwa mgunduzi. Mwezi Machi 1950 mwanafunzi alimshtaki mwalimu wake mahakamani, jambo ambalo wasomi wengi wa wakati huo waliliona kuwa utovu wa adabu. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwezi Desemba mwaka huo. Schatz alitambuliwa kisheria kuwa mgunduzi mwenza, akapewa asilimia 3 ya mrabaha. Waksman alibaki na asilimia 10. Asilimia 7 iligawiwa wafanyakazi wengine wa maabara, Bugie akiwamo. Iliyobaki ikawa ya taasisi.

Mahakama ilikuwa imesema, lakini Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1952 ilitolewa kwa Waksman peke yake. Malalamiko yalipelekwa Sweden, hayakubadili kitu.

Darasani tumezoea kuwapa wanachuo kitenzi gundua na kuwataka waunde sentensi ya kutendwa yenye mtenda. Huandika iligunduliwa, na ile l iliyojificha hurudi kama ilivyorudi katika zalisha. Kisha huandika na, na hapo huanza kubishana. Wengine huweka Waksman, kwa kuwa ndiye aliyepanga kazi, akaitafutia fedha, akabuni njia ya kutafuta, akajua jinsi ya kuotesha. Wengine huweka Schatz, kwa kuwa mkono ulioshika kisahani siku ile ulikuwa wake. Wapo wanaokimbilia iligundulika, kauli ya kutendeka, ambayo haidai mtenda. Sisi hatuipendi njia hiyo ya mwisho. Ni sahihi kisarufi, ila hapa inatumika kumficha mtu. Tunaona kwamba sentensi yenye haki ni ile inayowataja wote wawili, na inayotumia kitenzi tofauti kwa kila mmoja: Schatz aligundua, Waksman aliwezesha kugundua. Kiambishi -esh- hakimpunguzii mtu heshima. Lakini aliyewezesha akilichukua tendo lote, anakuwa amemfuta mwenziwe katika sentensi. Na ndivyo alivyofanya katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1954: alimtaja Schatz kama mwanafunzi tu, nomino ya kawaida pale palipotakiwa nomino ya pekee.

Tusimdhulumu naye. Sehemu kubwa ya mrabaha ilijenga taasisi ya utafiti wa vijidudu iliyofunguliwa Rutgers mwaka 1954, na nusu ya fungu lake mwenyewe aliitoa kuanzisha mfuko wa kusaidia utafiti na masomo ya fani hiyo. Mwaka 1949, ugomvi ukiwa unachemka, yeye na mwanafunzi wake Hubert Lechevalier walitangaza neomaisini, dawa ambayo hadi leo imo katika malhamu nyingi za ngozi. Alistaafu mwaka 1958, akaendelea kuandika.

Waksman alifariki dunia tarehe 16 Agosti 1973, akiwa na umri wa miaka 85, akazikwa Woods Hole, jimboni Massachusetts, kando ya bahari. Schatz, ambaye baada ya kesi ile maabara kubwa hazikumfungulia mlango kwa urahisi, alifundisha katika vyuo mbalimbali. Mwaka 1994, alipokuwa na miaka 74, Chuo Kikuu cha Rutgers kilimwita na kumvisha nishani yake.